Mikono Iliyoganda

Ghorofa ya Pili, Chumba Na. 4,
Juu ya Duka la Miwani.
9 Septemba

Mpendwa Kaka,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na mapacha. Mgongo je? Bado unapanda ngazi za watu na begi zima la vifaa begani? Mimi afya ninayo, Mama naye hajambo, ila moyo wangu haujatulia, na hili siwezi kukusimulia kwa simu bila kulia.

Nilikwambia nimepata nafasi katika ofisi ya pamoja. Tuko wanne: mchora ramani za nyumba, mhariri wa vitabu, mimi fundi wa mitandao, na dada mmoja mkalimani wa lugha ya alama. Viziwi wakiwa hospitalini humwona kwenye skrini, naye huwatafsiria kwa mikono maneno ya daktari. Mwezi uliopita wenzangu walinikabidhi kazi ya kuweka waifai ofisi nzima. Kichwa kilinivimba, usiseme.

Chumba cha mkalimani kiko mwisho wa ukumbi. Zamani kilikuwa stoo ya nyaraka, kuta nene, mlango wa chuma. Aliniomba mara mbili nimvutie waya hadi mezani. Nikamjibu, "Dada, mtambo huu wa waifai unafika hadi barabarani. Waya wa nini tena?" Ukweli ni kwamba nilikuwa mvivu wa kutoboa ukuta ule. Nikapima kwa simu yangu nikiwa nimesimama mlangoni pake, mtandao ukawa mzuri, nikakusanya vifaa vyangu. Mlango sikuufunga. Yeye akiwa kazini huufunga daima, siri za wagonjwa zisisikike.

Jumanne iliyofuata alikuwa akimhudumia mama mmoja kiziwi, ambaye mwanawe wa miaka mitano alikuwa akipasuliwa. Daktari akatoka na kusema upasuaji umekwisha, mtoto anaendelea vizuri. Mkalimani akaanza: mtoto wako, kisha ishara ya kwisha. Hapohapo picha ikaganda. Mama yule akabaki akitazama mikono miwili isiyosogea, inayomwambia mtoto wake amekwisha.

Mkalimani alikimbilia ukumbini na kompyuta yake, picha ikarudi. Lakini mama alikuwa sakafuni, amejifunika uso, hatazami skrini wala karatasi aliyoandikiwa na daktari. Zilipita dakika ishirini ndipo akainua macho.

Mkalimani hakunifokea. Alikuja mezani kwangu akasema, "Nilikuomba waya." Basi.

Kaka, siku hiyohiyo nilitoboa ukuta ule hadi nikatoka malengelenge. Waya ukafika mezani pake. Nikaongeza mtambo wa pili darini, na betri ya kuuendesha umeme ukikatika. Kisha nikafunga milango yote, nikapima chumba kwa chumba huku kila mtu akiwa kazini na mashine yake imewaka. Wiki ya tatu sasa, mtandao haujakatika hata mara moja. Mchora ramani ananisifia mbele ya wageni. Natamani anyamaze.

Juzi mama yule alikuja ofisini na mtoto wake. Nisikufiche, nilitaka kujifungia chooni. Nikajikaza, nikamwomba radhi, mkalimani akitafsiri. Mama alinitazama, kisha akasema jambo kwa mikono, taratibu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema hakuja kukulaumu," mkalimani akanijibu. " Anasema huyu alimzika kwa dakika ishirini. Amemleta umjue."

Mtoto alikuwa amekalia kiti changu cha kuzunguka, anazunguka na kucheka, bandeji ikichungulia chini ya shati. Nilikishika kile kiti asianguke, nikasimama hivyohivyo hadi walipoondoka.

Wewe umeifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Je, yapo yaliyokupata ambayo hukutuambia? Niandikie, hata mistari miwili.

Nisalimie shemeji, mapacha, Shangazi Mcheshi na Babu Kofia. Mungu ailinde mikono yako, na awalinde wote wanaoitegemea bila kukujua.

Mdogo wako akupendaye, na anayekukumbuka zaidi siku hizi,
Kitinda