Nyumba ya Tisini na Saba

14 Quail Lane,
Brennerton, Ohio.
27 Aprili 2025.

Mpendwa Shangazi Verna,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na nyonga yako mpya inakupeleka dukani na kukurudisha bila manung'uniko. Binti yako Lorna aliniandikia kwamba daktari amekukataza kupanda ngazi, na kwamba kesho yake alikukuta juu ya ngazi ukichuma matufaha. Sikushangaa hata kidogo. Huko New Zealand najua baridi inaanza kuingia, kwa hiyo jifunike vizuri na usijifanye msichana.

Sisi huku hatujambo. Miti ndiyo kwanza inachipua. Mume wangu Duane analalamikia goti, lakini goti hilo lilianza kumuuma siku niliyomwomba apake rangi uzio, kwa hiyo usimwombee sana.

Sasa kaa vizuri kitini, Shangazi. Tumeshinda! Ni mwezi mmoja na zaidi umepita na bado nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni. Chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu wa Larkfield kimefanya uchaguzi wa kweli, wa kwanza katika miaka saba, na Randall Crouse si mwenyekiti tena. Wewe uliyevumilia barua zangu zote za kumlalamikia mtu huyo, unastahili kuisikia habari hii yote, na sitakuficha hata sehemu inayoniaibisha mimi.

Unamkumbuka Mzee Eustace Pickering, jirani yangu wa namba kumi na sita? Yule aliyekuwa akigawa barua za posta mpaka alipostaafu. Tangu mkewe afariki, maisha yake yote yako nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha njiwa wa mbio, wale wanaoachiwa mbali washindane kurudi kwao. Anao thelathini na nane, na kila mmoja anamjua kwa jina na kwa ukoo. Januari akapokea barua ya bodi ya chama: kibanda kinaharibu sura ya mtaa, kanuni mpya imepitishwa, kiondolewe kabla ya tarehe mosi Aprili. Na hii ni katika mtaa ambao barabara zake zote zina majina ya ndege! Mimi ninakaa Barabara ya Kware, ndiyo hiyo Quail, Crouse anakaa Tai. Ndege wa kuandikwa kwenye kibao wanaruhusiwa. Wenye mabawa ndio hawatakiwi.

Nikaenda kwake nikiwa nimewaka moto. Nikamwambia tutatafuta mtu wa kuwafuga, hata kama ni jimbo jingine. Akanitazama kama anayemtazama mtoto.

"Noreen, njiwa wa mbio akishakomaa anajua kwao ni wapi, basi. Mpeleke utakakompeleka, siku akiachiwa atarudi hapa. Nikibomoa kibanda watakuja wazunguke hapo juu mpaka wachoke. Mimi nitakuwa nimesimama hapa chini. Nitawaambia nini?"

Nikarudi nyumbani kuandika kipeperushi kikali kuliko vyote nilivyowahi kuwagawia majirani.

Hapa ndipo aibu inapoanza. Unajua kwamba kwa miaka sita nimewahimiza majirani wasusie mkutano mkuu wa mwaka. Nilikuwa naona Crouse ameugeuza kuwa mchezo wa kuigiza, na sisi tukienda tunampigia makofi tu. "Susieni!" niliandika. "Acheni viti vitupu vimsute!" Na watu walinisikia. Kila mwaka walikuja thelathini, arobaini, na mimi nilikaa nyumbani nikinywa chai kwa fahari, nikihesabu wasiokuja kama jenerali anayehesabu wanajeshi wake.

Mara hii nilitaka kunukuu katiba ya chama ili kumkaba Crouse koo. Ilikuwa kwenye droo ya jikoni, chini ya kamba na betri zilizokufa, imekaa humo tangu tulipohamia. Shangazi, nimesoma vitabu vya mapinduzi ya nchi ambazo siwezi hata kuzionyesha kwenye ramani. Nimebishana na maprofesa wakaondoka kabla ya kahawa kuletwa. Lakini kijitabu hiki cha kurasa kumi na nne, kinachotawala paa langu na nyasi zangu, sikuwahi kukifungua.

Kwenye ukurasa wa sita imeandikwa hivi: mkutano mkuu hauwezi kuchagua mtu bila akidi ya nusu ya nyumba na moja zaidi. Nyumba ziko mia moja tisini na mbili, kwa hiyo zinatakiwa tisini na saba. Akidi isipotimia, bodi iliyopo inaendelea mpaka mkutano wa mwaka unaofuata.

Nikasoma tena. Nikamwita Duane naye asome.

"Kwa hiyo Crouse hakuwa anajichagua," Duane akasema polepole.

"Hapana."

"Ni wewe uliyekuwa unamchagua. Kila mwaka. Bila malipo."

Nilitaka kumrushia kijitabu, lakini alikuwa amesema kweli. Viti vile vitupu havikumsuta mtu. Ndivyo vilivyomlinda. Bodi iliyompa Mzee Eustace amri ya kubomoa ilikuwa kazi ya mikono yangu. Na nitasema jambo hapa hata ukinicheka: kususa kunampa mtu raha tamu sana, kwa sababu humfanya ajione shujaa bila kunyanyuka kitini. Ningeambiwa hivyo na mtu mwingine mwaka jana ningemtafuna mzimamzima.

Nikavuka uzio nikaenda kumweleza mzee mwenyewe. Alikuwa anakwangua sakafu ya kibanda. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukwangua.

"Kwa hiyo mlinzi wa Crouse miaka yote hii umekuwa wewe?"

"Mimi, Mzee."

"Na mlinzi akistaafu?"

"Crouse anaanguka."

"Basi staafu haraka, mama. Nina ndege wa kulisha."

Nikaanza mlango kwa mlango siku hiyohiyo, na theluji ilikuwa bado chini. Wiki sita, Shangazi. Kila mlango nilirudia maneno yaleyale: nilikosea, njooni. Usidhani ni rahisi. Mama mmoja wa Barabara ya Bundi alinitolea kipeperushi changu cha mwaka juzi, amekibandika kwenye friji. "Hapa unasema atakayekwenda ni kibaraka. Sasa nikija mimi ni nani?" Nikamwambia akitoe kwenye friji aje nacho ukumbini anizomee. Akaahidi kuja kwa ajili hiyo tu. Wengine waliokuwa na zamu za kazi walinitilia sahihi karatasi za kunipa mamlaka ya kuwawakilisha. Nilibeba bahasha ya karatasi ishirini na mbili ndani ya koti, mwilini kabisa.

Mkutano ulikuwa Jumanne ya tarehe kumi na nane Machi, saa moja jioni, kwenye bwalo la shule ya msingi. Unakaa kwenye viti vya watoto wa miaka minane, magoti yako kidevuni, na hapo ndipo unatakiwa uamue mambo mazito. Mlangoni alikaa Bi. Ostrander, mwanamke mkimya kutoka kampuni inayotunza makaratasi ya mtaa, na daftari la mahudhurio mbele yake. Kila aliyeingia alitia sahihi, moja kwa nyumba. Watu waliendelea kuingia mpaka viti vikaisha, wakaanza kukaa juu ya meza. Mzee Eustace alikaa safu ya mbele, amevaa suti ya mazishi. Mimi nilikuwa nimeshamkabidhi Bi. Ostrander zile karatasi zangu ishirini na mbili, naye ameziingiza daftarini.

Saa moja na nusu Bi. Ostrander akafunga mlango, akahesabu. Akahesabu tena. Akasimama.

"Nyumba tisini na sita."

Tisini na sita! Crouse akashusha pumzi, akanyanyua kile kinyundo chake cha mbao.

"Jamani, mmejitahidi, nawapongeza. Ila sheria ni sheria. Akidi haijatimia. Tuonane mwakani." Akakipiga mezani.

Mzee Eustace alikuwa ametazama mikono yake tu. Nilipomwona hivyo nikaenda moja kwa moja kwenye daftari, nikapitisha kidole kuanzia jina la kwanza. Wajumbe wanne kati ya watano wa bodi walikuwa wametia sahihi. Mmoja hakuwemo.

"Bwana Mwenyekiti, swali dogo."

"Mkutano umefungwa, Noreen."

"Umefungwa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa hiyo upo?"

Watu wakaanza kucheka kabla yeye hajaelewa. Kisha akaelewa, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Nimekuja kuongoza kikao. Sikuja kama mwenye nyumba."

"Basi shuka kwenye kiti umpishe aliyekuja!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Nyumba umemwachia nani leo, Randall? Imekwenda matembezi?" mwingine akadakia.

Yule mama wa Barabara ya Bundi akapunga kipeperushi juu ya kichwa. "Nimekuja kumzomea Noreen mimi! Mbona mnaniletea mwingine?"

Bi. Ostrander akafungua katiba bila haraka, akasoma kwa ile sauti yake kavu: mwenye nyumba yeyote aliyemo ukumbini kabla mlango haujafungwa amehudhuria, awe ametia sahihi au hajatia. Akachukua kalamu.

"Bwana Crouse, niandike nyumba namba ngapi?"

Crouse akaangalia dari. Mkewe Peggy, aliyekuwa ameketi pembeni yake na koti limeshafungwa vifungo, ndiye aliyejibu.

"Namba mbili, Barabara ya Tai. Randall, acha utoto. Njaa inaniuma."

Shangazi, nimewahi kusikia makofi katika maandamano, katika harusi, hata mahakamani mara moja kwa kosa langu. Sijawahi kusikia makofi kama yale. Tisini na saba!

Tukapiga kura. Viti vitatu kati ya vitano vilikuwa vinagombewa, na kila nyumba ilikuwa na kura tatu. Mimi nilipendekezwa, Crouse alipendekezwa, wengine wakapendekezwa, kisha sauti moja nyuma ikasema, "Na Duane." Duane akageuka kuangalia ni Duane gani. Matokeo yakaja: fundi bomba wa barabara yetu, mwalimu mmoja wa hesabu, na Duane Halvorsen, kura sabini na nne. Mimi nilipata thelathini na moja. Crouse alipata ishirini na tisa. Nimemshinda kwa kura mbili, na mbili hizo naomba ziandikwe kwenye kaburi langu.

Nikiri kwamba iliniuma kidogo. Nikamfuata yule mama wa Bundi, nikamuuliza waziwazi kwa nini hawakunichagua. "Tunakupenda, shoga. Lakini wewe ukiingia kwenye bodi, nani atatuandikia ya kuipinga?"

Lakini hayo yote yalikuwa kelele tu mpaka jambo moja liamuliwe, maana tarehe mosi Aprili ilikuwa palepale. Kwa katiba, bodi mpya hukutana mara moja baada ya kuchaguliwa. Wakajikusanya kwenye kona karibu na mashine ya kuuzia watoto maziwa, na sisi wengine tukasogea kusikiliza. Duane wangu, ambaye harusini aliniachia mimi nitoe shukrani za pande zote mbili, akakohoa mara mbili.

"Napendekeza ile kanuni ya vibanda vya ndege ifutwe."

Mikono minne ikanyanyuka. Wa tano ukasitasita, ukanyanyuka nusu, ukahesabiwa. Mzee Eustace akasimama, akavaa kofia, akampa Duane mkono. Kisha akatoka kwenda kwa ndege wake.

Nyumbani mambo yamebadilika. Duane anapigiwa simu kuhusu mapipa ya taka na mbwa wanaobweka, naye anaandika kila kitu kwenye daftari. Wiki iliyopita nilimwandikia malalamiko yangu ya kwanza rasmi kwa bodi mpya, kurasa tatu, nikamkabidhi wakati wa kifungua kinywa. Akasema malalamiko hupokelewa siku ya Alhamisi. Na ameyapokea hiyo Alhamisi, tena kwa kutia sahihi!

Jana ndiyo ilikuwa siku ya mbio za kwanza za msimu. Njiwa kumi na wawili wa Mzee Eustace walipelekwa Ijumaa mpaka Illinois, zaidi ya kilomita mia tatu, wakaachiwa asubuhi pamoja na mamia ya wengine. Miaka yote alikuwa akiwasubiri peke yake. Jana nilipotoka na kahawa yangu nikakuta watu uani kwake, uani kwangu, na wengine wamejipanga mpaka barabarani, shingo zimeelekea magharibi. Fundi bomba alileta viti. Mtu alileta pai ya cheri. Mzee alikuwa na saa mkononi na uso wa mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Saa tano kasorobo akasema, "Yule." Sisi hatukuona kitu. Kisha kikatokea kidoa, kikawa ndege wa kijivu, akapita juu ya mapaa ya Barabara ya Tai bila kupunguza mwendo, akakunja mabawa na kuporomoka moja kwa moja kibandani. Watu tukapiga mayowe kama mpira umeingia wavuni. Wa pili akaja, kisha watatu kwa pamoja. Mpaka saa saba mchana wote kumi na wawili walikuwa ndani wanakunywa maji.

Mzee akafunga kibanda, akatugeukia na macho yamelowa.

"Haya, mmeshaona. Rudini makwenu, mnawatia wasiwasi."

Hakuna aliyeondoka.

Nisalimie sana Lorna, na umwambie mwanawe Felix nimempatia unyoya mmoja wa mshindi, nimeuweka humu ndani ya bahasha. Duane anakuamkia, ameomba niandike kwamba anakuamkia kama mjumbe wa bodi. Mungu akujalie hatua nyepesi, usingizi mzuri, na watu wa kubishana nao kila siku.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na nisiyejua kunyamaza,

Noreen