Usukani Mzito Tangu Sikukuu ya Bikira

Jumanne, 16 Julai 2019

Sikukuu ya Bikira wa Karmeli, mama yetu sisi madereva. Consentida, jipu langu la kubebea abiria, kang'ara! Jana nililiosha jipu kwa mashine ya presha, juu, ndani ya boneti, mpaka uvunguni. Matope ya mwaka mzima yakatoka. Yurani, binti yangu, kalifungia maputo na maua ya karatasi. Yuko likizo, chuo cha uuguzi kule mjini Armenia kimefungwa hadi Agosti.

Kwenye maandamano padre kanirushia maji ya baraka mpaka machoni. Arcesio, dereva mwenzangu pale uwanjani tunapopakia abiria, akasema jipu limependeza kama bibi harusi, ila dereva ni babu wa bibi harusi. Nimecheka. Marehemu mke wangu Amparo angecheka zaidi.

Alhamisi, 18 Julai

Usukani mzito. Jana nilidhani ni uchovu. Leo kona zote nimeuvuta kama navuta ng'ombe asiyetaka kuvuka mto. Oili ya pawa ya usukani imejaa. Mkanda wa pampu umekaza. Matairi yana upepo. Basi ni mimi. Bega la kulia linawaka moto.

Sikumwambia mtu. Dereva akilalamika usukani mzito, pale uwanjani watampa jina la utani la kwenda nalo kaburini.

Jumapili, 21 Julai

Nusura! Siku ya soko, jipu limejaa: ndizi juu, watu ndani, vijana wamening'inia nyuma. Kwenye kona ya maporomoko usukani ukagoma katikati. Tairi moja la mbele likatoka barabarani, likabaki juu ya korongo. Nilisimamisha, sijui vipi. Bi Rubiela, abiria wangu wa miaka yote, akashuka na kuku wake. "Don Evelio, mimi na kuku wangu tutamalizia kwa miguu." Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo limeniuma.

Jioni nikamwambia Yurani mikono yangu imekwisha. Nilisema mikono, sikusema usukani. Aibu tu. Kanimiminia maji ya sukari guru, kisha akasema: basi ataendesha yeye, maana tukiacha zamu yetu uwanjani mwingine ataichukua. Chuo kitangoja. Nikakataa — lakini kwa sauti ndogo. Mungu kaisikia ile sauti.

Jumatano, 24 Julai

Anaendesha vizuri! Mimi nakaa pembeni, nimeshika mlango kama abiria mwoga. Leo Arcesio kapaza sauti: "Mzee, kwa dereva mzuri hivi hata mimi nitapanda jipu lako, na nauli nitalipa!" Yurani: "Panda, mjomba, ila utakaa juu na ndizi." Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Asubuhi, vikombe viwili vya kahawa mezani. Arepa, mikate yetu ya mahindi, anaziunguza upande mmoja, vilevile kama mama yake. Nyumba ina sauti tena. Nalala vizuri.

Usiku nimemwona anajifunga bendeji kifundo cha mkono. Eti kajigonga mlangoni. Mwongo kama baba yake.

Jumamosi, 27 Julai

Yurani kaenda kwa shangazi yake. Sijui nini kilinituma — nikapiga jeki, magurudumu ya mbele yote hewani. Nikashika usukani. Bado mzito! Gurudumu halijagusa ardhi, sasa uzito unatoka wapi? Mzito, mwepesi, mzito tena.

Nikainama chini ya boneti na tochi. Ile fimbo ya chuma inayoshuka kutoka kwenye usukani ina kiungo, krosi, kinachojikunja kama kiwiko. Kutu tupu! Presha iliondoa grisi yote, maji yakabaki humo. Nililiosha kwa mikono yangu mwenyewe, kwa heshima ya Bikira, na sasa nausingizia uzee.

Haikuwa mikono. Jamani, haikuwa mikono!

Kopo la oili lilikuwa karibu na goti langu. Grisi rafuni. Kazi ya asubuhi moja. Nikashusha jeki, nikanawa. Yurani aliporudi nikasema nilikuwa naangalia breki.

Kwa nini? Niandike hapa, hakuna mwingine atakayesoma. Usajili wa chuo unafungwa Jumatano. Usukani ukiwa mwepesi, kikombe kitarudi kuwa kimoja.

Jumatatu, 29 Julai

Mvua tangu asubuhi. Kona ileile. Nimeutazama uso wake: kauma mdomo, bendeji imelowa, anauvuta usukani kwa mwili mzima. Halalamiki. Anaogopa watasema mwanamke kashindwa. Ugonjwa wangu huohuo, kumbe nimemrithisha.

Nilijua kinachomtesa, nikakaa pembeni nimeshika mlango. Abiria kumi nyuma yetu. Bi Rubiela karudi, anamwamini mtoto. Mficha maradhi, kilio humuumbua — na hiki kilio kingekuwa cha nani? Najuta. Najuta sana.

Jumanne, 30 Julai

Alfajiri nimechomoa ile fimbo. Nikaimwagia oili, nikaikunja, nikaikunjua, ikalia kama mlango wa kanisa. Nilikaribia kukata tamaa. Hatimaye ikakubali! Grisi tele. Nikairudisha, nikakaza, nikajaribu. Usukani ukazunguka kwa kidole. Nimelia kidogo, si neno.

Yurani katoka na vikombe viwili. Kapanda, kawasha, kakata kulia. Akashtuka, akaachia. Akazungusha tena kwa kidole kimoja, kulia, kushoto. Akaitazama bendeji yake. Akatazama grisi kwenye vidole vyangu.

"Baba! Kumbe hujazeeka!"

Akacheka, nami nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia ni kiungo tu, kutu, maji ya sikukuu. Akaendelea kutabasamu, halafu tabasamu likaondoka taratibu. "Jumamosi ulisema unaangalia breki."

Nikasema ngoja, naingia ndani nichukue kofia.

Basi la Armenia linaondoka uwanjani saa moja asubuhi, na usajili unafungwa kesho. Injini inanguruma nje. Namwona dirishani: kahamia kiti cha abiria, kaniachia usukani. Begi lake la chuo bado liko chini ya kitanda. Kalaza ule mkono wa bendeji pajani, ananisubiri. Anapiga honi.

"Baba, umeipata?"

Kofia iko kichwani tangu alfajiri.