Dubu Anataka Chano Chake

Mpendwa mshauri wetu wa redioni Bi Kheiria,

Naomba msaada wako upesi, kabla sijaliwa. Mie ni mzee wa Unguja niliyeletwa huku Maskati na yale mambo ya mwaka sitini na nne, chuoni nilifika juzuu ya tano nikatoroka, kwa hivyo mwandiko wangu usamehe. Tunakaa Ruwi penye mitende, mie na mke wangu Bakhita na binti yetu Mahbuba aliyejifungua karibuni, na kwa joto la huku sote hulala uani, basi mwezi uliopita baada ya Maghrib tukaanza kusikia kitu kinapumua nyuma ya ukuta, kama mtu mwenye pumu aliyeshiba, na Bakhita akasema, "Huyo pepo wa hapa, amesikia harufu ya mzazi, anataka chake," na nyinyi wanawake mnajuana, akapanga chano, sinia la kumtuliza pepo kama kwetu, mayai, mkate wa asali, tende, halua, akakiweka nje ya mlango, na asubuhi chano kimerambwa kinang'aa, basi furaha! "Umeona? Pepo muungwana huyu!" Kila siku chano kikazidi, mie mwenye nyumba halua nikawa naisikia harufu tu.

Juzi nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Bi Kheiria, pepo ana manyoya meusi, makucha kama ndoana za papa, na puani ana pete ya chuma. Ni dubu! Dubu wa Mbulushi mmoja kiguru, aliyemleta kwa chombo kutoka Makrani kumchezesha sokoni Matrah, kamba ikamkatikia, na tangu hapo mwenyewe anapita mlango kwa mlango akilia kama kapotelewa na mwana. Hata kwangu alifika, nikamwambia sijui, na siku ile kweli sikujua.

Tukaacha kuweka chano. Jana akaja, akakosa, akasimama kwa miguu miwili kama binadamu, akausukuma mlango hata komeo likapinda, na Mahbuba kamkumbatia mtoto anapiga kelele, "Baba, mpige! Unangoja nini, baba?" Bunduki nnayo, nimeiazima kwa jirani yangu Marhoon, nimemwambia ya mbweha. Nikaielekeza kwenye ufa, nikaliona jicho lake, dogo, linanitazama kama mtu aliyealikwa. Sikupiga. Akamaliza gunia la tende kwenye kibanda cha nje, akaenda zake.

Sasa nimuue? Kala tende zangu, kapinda komeo. Nikimwita mwenyewe, watu watauliza kwa nini dubu kaganda kwangu, na habari ya chano itatoka, na huku tushaanza kunong'onwa kuwa sisi watu wa Zinjibar ni wachawi. Nikimuua nikamfukia kimya kimya, nani atajua? Jirani zangu Kiswahili hawakijui, nijibu redioni bila ya wasiwasi, lakini jina langu usilitaje.

Ni mie,
Chakula cha Dubu, Ruwi

Shikamoo, Chakula cha Dubu, halafu kaa nikugombe.

Khofu yako siicheki. Mlango wa mbao na kichanga nyuma yake si mchezo. Lakini mmemlisha asali mwezi mzima, halafu mnashangaa anabisha hodi?

Tende si roho, mzee wangu, wala komeo si roho. Kwa gunia la tende humuui mnyama wa mtu: mdai mwenyewe, au samehe. Akiingia ndani akamwendea mtu, na huna mlango wa kufunga wala pa kukimbilia, piga, usingoje kuniandikia, na lawama huna. Kabla ya hapo pana sufuria za kugongwa na kijinga cha moto. Ulivyosita ulisita vizuri.

Ila usinidanganye. Unataka kumfukia kwa sababu anaijua siri yako. Aibu haijamrarua mtu.

Mahbuba na mtoto wahamie kwa Marhoon, na darini wasilale, dubu hupanda. Chano kisitoke tena, na mabaki ya chakula yafukieni. Marhoon mwambie kweli. Anayekuazima bunduki ana haki ya kujua itakutana na nini. Kisha nenda kwa yule Mbulushi mchana, mwambie aje na mnyororo, amsubiri dubu wake pamoja nawe hapo hapo mlangoni. Akiuliza kwa nini dubu kachagua kwako, mwambie, "Mke wangu anapika vizuri." Si uongo.

Barua yako imekaa njiani siku nyingi, na mie sijui mlango wako uko hali gani. Kama unanisikia na jua bado liko juu, zima redio, nenda Matrah. Kama Maghrib imeshaingia, usitoke. Mtie mtoto chumba cha ndani, simama wewe baina yake na mlango, na kidole kisiguse mtambo wa bunduki mpaka dubu aingie.