Kidonge Kilichosubiri Futari

Alhamisi. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, vichochoro vyote vya mtaa wa Mkomani vinateleza.

Unayesoma hapa, nakuomba kwa hisani yako, haya yabaki kwako. Usimsomee mwenzio, usiyatume kwenye kundi la mtaa. Kazi hii nina miaka miwili tu nayo, na sijui kazi nyingine.

Mimi ni karani wa chumba cha faili hospitalini. Mwezi wa Ramadhani nilifuatana na muuguzi hadi shule moja ya Siyu kugawa dawa ya minyoo. Yangu ilikuwa orodha: mtoto anatafuna kidonge mbele yetu, mimi naweka alama. Lakini watoto kumi na tisa walikuwa wamefunga. Kwa baadhi yao ilikuwa saumu ya kwanza, wanatembea wima kama maimamu. Nani angewaambia wafungue? Tukawafungia vidonge kwenye karatasi, wakavitafune baada ya futari.

Nikaweka alama zote kumi na tisa.

Jumatatu hii aliletwa Rukia, msichana wa miaka minane, mmoja wa wale. Tumbo limevimba, anatapika, siku ya tatu hajapata choo. Daktari akauliza kama amewahi kupewa dawa ya minyoo. Nilikimbia kuleta orodha, na nakiri nilijivuna, maana orodha zangu ni safi. Daktari akaitazama, akaanza kutafuta ugonjwa mwingine.

Jumanne asubuhi Rukia alitapika mnyoo. Akaingizwa kupasuliwa.

Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa kwenye benchi nje. Nikamuuliza habari za kidonge.

"Kingali sandukuni, mwanangu," alisema. "Alipofuturu alilala na tonge mkononi. Asubuhi akafunga tena. Nami nikasema, dawa haiozi."

Tangu hapo sijaacha kusoma. Mayai hukaa mchangani, yakaingia kinywani kwa mkono usiooshwa. Vijiminyoo hutoboa utumbo, husafiri kwenye damu hadi mapafuni, mtoto akakohoa, akavimeza tena, ndipo hukua. Mzunguko wote huo ili kurudi tumboni palepale. Vinajuaje njia? Minyoo wakishakuwa wengi husokotana na kuziba utumbo. Mmoja anaweza hata kupenya kwenye mrija wa nyongo. Nasoma huku nikijishika tumbo.

Nilimwomba muuguzi wa zamu anioneshe minyoo waliotolewa.

"Karani, ukianguka hapa sina kitanda," akasema, akafunua bakuli.

Weupe wenye wekundu kidogo, wengine urefu wa rula. Niliwatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani ningeweza. Kipande cha utumbo wa Rukia kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi, kikakatwa.

Sasa wodi nzima inasubiri Rukia ajambe. Ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka. Bi Zuhura anambembeleza, "Jamba, mama, leo sikugombezi." Rukia anacheka, kisha anashika mshono.

Bado.

Leo mchana nilimwambia daktari ukweli wa zile alama. Aliweka kalamu chini.

"Hata angekitafuna, angeweza kupata wengine. Mchanga ni uleule," alisema. "Lakini ningefikiria minyoo tangu Jumatatu."

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

Je, siku ile moja ingekiokoa kile kipande? Nimemuuliza. Hata yeye hajui.

Ninachojua ni kwamba yamebaki majina kumi na manane, na daktari ameniagiza niyafuate moja moja. Kwa hiyo, kama wewe ni mzazi wa upande ule na mtoto wako alirudi Ramadhani na kidonge kwenye karatasi, usimpe leo kwa pupa. Akiwa anatapika, au tumbo limevimba na hapati choo, usimkande, mlete hospitali mara moja.

Asiye na dalili, nitafute. Jumamosi nitashuka Siyu kwa mashua, maji yakijaa. Nitakaa barazani mbele ya shule hadi adhuhuri, nina daftari la kijani, na muuguzi atakuwa pamoja nami. Usiulize jina langu, muulize aliyekuja na dawa. Usipoweza kufika, mtume yeyote aniambie jina la mtoto na mlango wa nyumba. Nitakuja mwenyewe, na safari hii sitaweka alama mpaka nione ametafuna.