Meno ya Mama na Safari ya Kwako

Chumba cha cherehani,
Juu ya duka la vitambaa,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wifi yangu mzima, na binti yenu ambaye naambiwa sasa anatembea akishikilia ukuta. Sisi huku hatujambo. Mguu wangu wa kulia unalalamika kwa sababu ya cherehani, lakini mguu huo ulianza kulalamika kabla hujaota ndevu, kwa hiyo usiuhesabu kuwa habari.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nyumba hii simu haina siri. Mama huisikia ikiita kabla yangu, na akiipokea anaweka spika mpaka muuza vitambaa wa chini anajua umekula nini. Nina mteja anayekuja huko kikazi, nimemshonea suti, naye amekubali kunibebea bahasha. Isome ukiwa peke yako.

Ni kuhusu wazo lako la mama kuja huko kwako kutengenezwa meno. Kwanza ahsante, maana wengine walioko mbali hata hawaulizi. Tangu yale ya mbele yalipotoka, anacheka ameziba mdomo kwa kiganja, na chakula anatafunia upande mmoja. Ulipotutumia picha za ile kliniki, na wale watu wanaotabasamu mpaka magego yanaonekana, alizitazama mpaka simu ikaisha chaji. Sisemi ulikosea kulifikiria.

Lakini kuna jambo limeninyima raha. Wiki iliyopita mwanamke wa kliniki alipiga kumuuliza mama habari za afya yake, nami nilikuwa hapa hapa napiga pindo. Alimuuliza kama ana ugonjwa wowote, mama akasema hana. Akamuuliza kama anatumia dawa yoyote, akasema hatumii, kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia wenyeji wake kwamba ameshiba. Mguu wangu ukasimama juu ya pedeli.

Wewe hujui, kwa sababu mama mwenyewe alikuambia ameteguka tu. Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika mkono. Mkono umepona, lakini hospitali walikuta mifupa yake imedhoofika, wakampa dawa ya kuiimarisha. Ni kidonge kimoja kila Jumapili asubuhi, kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na baada ya hapo haruhusiwi kujilaza kwa nusu saa. Sasa mama asiyeruhusiwa kujilaza unamjua. Anazunguka nyumba nzima akikagua. Jumapili moja ni utando wa buibui, nyingine ni pini chini ya meza. Leo amegundua kwamba pindo la pazia la jikoni limekwenda upande, na fundi ni mimi.

Dawa hiyo ndiyo aliyoikana kwenye simu.

Nikampeleka kwa daktari wa meno hapa mtaani. Nilimwambia tunakwenda kupiga picha tu, na alinuna njia nzima. Daktari ni dada mmoja mpole, anaeleza jambo mara mbili bila kuchoka. Alisema mtu anayetumia dawa ile taya lake linaweza kuchelewa kupona baada ya kung'olewa jino, na mara chache linaharibika vibaya, kwa hiyo anayeshika koleo lazima ajue mapema. Wala mama asiiache dawa kienyeji ili safari iende. Daktari huyo na yule wa mifupa watazungumza kwanza.

Halafu akatazama ule mpango wa kliniki yako, kung'oa na kupandikiza vyote ndani ya wiki mbili. Hakuucheka, ila alivua miwani. Meno ya kupandikiza huwa yanataka miezi kushikana na mfupa, na katika miezi hiyo mtu anahitaji wa kumwangalia. Akivimba huku baada ya kushuka ndege, yeye atamfungua mdomo bila kujua wenzake waliweka kitu gani. Tena kwenye eksirei amekuta meno mengi waliyopanga kuyang'oa bado ni mazima. Mapengo yanaweza kuzibwa hapa hapa kwa meno bandia ya kuvaa na kuvua.

Mdogo wangu, mimi ni fundi nguo. Mteja akiniletea kitambaa asubuhi akitaka gauni la jioni, namshonea, lakini najua halikujaribiwa, na mshono ukiachia ukumbini mimi sipo. Mdomo wa mama nisingependa ushonwe hivyo.

Kama bado mnaitaka kliniki hiyo, fanya hivi. Waambie ukweli kuhusu dawa, usimwachie mama. Nitakutumia picha za eksirei, wazitazame kabla ya kutaja tena meno ya kung'oa. Uliza daktari atakayemshika ni nani hasa na amesajiliwa wapi, maana wanaotabasamu kwenye picha si wao wanaotibu. Uliza pia likiharibika jambo nani atalirekebisha, na je, watampa mama maandishi ya kila walichofanya aje nayo. Wakikwepa maswali hayo, umeshajibiwa.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Tuliporudi kutoka kwa daktari, mama alikaa kwenye benchi la wateja bila kuvua viatu. Nikamuuliza kwa nini alidanganya jambo la hatari namna ile. Alikunja na kukunjua kipande cha bitana, kisha akasema, "Ningesema ukweli wangesema nisije. Na bila meno, mimi nakwenda kwa mwanangu kwa sababu gani? Hajawahi kuniambia njoo tu."

Nilirudi kwenye cherehani nikashona mkono wa kushoto mahali pa wa kulia.

Sikuandikii kukusuta. Najua kazi zako, najua nyumba yenu ni ndogo, na najua ulidhani mtu mzima anahitaji sababu nzito ndipo apande ndege. Lakini mama yetu alikuwa tayari kuhatarisha taya lake ili amwone mjukuu akitembea. Hilo limeniuma, na nadhani litakuuma na wewe. Kifungo, umeyaalika meno ya mama. Mwalike mama.

Mpigie Jumapili asubuhi, akishameza kidonge. Atakuwa wima, yuko kwenye ukaguzi, hana pa kukimbilia. Usitaje meno kabisa. Hayo tutayapanga mimi, wewe na daktari, taratibu, na mengine yatatengenezwa hapa kabla hajasafiri.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa chake nimeshakikata. Mbusu binti kwa niaba ya shangazi yake. Muuza vitambaa wa chini naye anakusalimu, na anauliza kama bado unameza vifungo. Mungu awalinde, awape afya na usingizi mzuri.

Mimi dada yako nikupendaye, hata unaponichosha,

Dada Mkubwa.

Nyongeza: Wakati nafunga bahasha, mama amepita akauliza naandika nini. Nimemwambia ni vipimo vya mteja. Amesimama kidogo mlangoni, kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, ati kwako kuna ngazi nyingi? Nimemwambia atakuuliza mwenyewe.