Lango Liko Wazi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yametolewa kituoni, Jumatatu tarehe 16, saa 2:15 asubuhi

Jina: limehifadhiwa, chuoni wote huniita Filimbi
Umri: miaka 23
Kazi: mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ualimu wa hisabati, kiongozi wa mashabiki wa timu ya mpira ya chuo
Makazi: bweni la wanaume, chumba namba 14

Afande ameniruhusu nieleze nikiwa nimesimama. Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe.

Mwaka jana timu yetu ilikuwa ikichezea viti vitupu. Waliokuja ni wapishi wa bwalo na wachumba wa wachezaji, na hao wachumba wenyewe walikuja na vitabu vyao. Mratibu wa michezo akaniita ofisini, akasema, "Filimbi, nijazie uwanja." Nikaujaza. Nilitunga nyimbo, nikatafuta ngoma, nikapewa kipaza sauti. Ni mimi pia niliyeomba spika mbili zitundikwe juu ya lango la kuingilia, ili wanaochelewa wasikie utamu wakiwa njiani, wakaze mwendo. Nilijiona mjanja sana.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumamosi, saa 8:00 mchana, tulifika langoni na ngoma zetu kwa ajili ya fainali. Mlinzi wa lango, ambaye chuo kizima kinamwita Mjomba, alitusimamisha akasema, "Mkileta fujo leo nawafungia nje nyote!" Nasikia maneno hayo yameandikwa kwenye jalada kuwa ni kitisho. Jamani, huo ni utani wake! Hutuambia hivyo kila mechi, nasi humjibu, "Tutapitia dirishani, Mjomba." Uwanja hauna dirisha.

Hapo hapo mratibu alifika, akamwambia kuwa redio za mkononi zimekwisha chaji, kwa hiyo asikilize spika. Likitokea jambo ataambiwa humo. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nilisikia kwa masikio yangu.

Mechi ilianza saa 9:30. Hadi saa 10:50 timu zilikuwa hazijafungana. Muda huo wanafunzi wa uuguzi walikuwa wametoka kwenye mtihani, wanateremka mbio kuja langoni. Mjomba hufanya kazi akiwa ameupa uwanja mgongo, macho kwa wanaoingia. Miaka kumi na tisa amelinda lango lile na hajawahi kuona bao hata moja.

Saa 10:55 kipa wa wageni alitoka hadi karibu na katikati ya uwanja, akapokonywa mpira. Mshambuliaji wetu akabaki yeye na goli tupu. Nikapagawa. Nikapiga kelele kwenye kipaza sauti: "Lango liko wazi! Lango liko wazi! Funga! Funga!" Jukwaa zima likaitikia, "Funga!"

Mjomba akafunga.

Alisukuma lango la chuma, akatia komeo. Walio mbele wakajigonga. Walio nyuma, kwa kusikia shangwe, wakazidi kusukuma. Tisa walianguka. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza amevunjika mkono na mbavu mbili, na bado yuko hospitali. Mpira wenyewe ulipaa juu ya mtambaa panya.

Saa 11:40 mratibu alimuuliza Mjomba mbele yetu, "Nani kakwambia ufunge?" Mjomba akajibu, "Spika imesema." Watu wakacheka. Mimi nikajitia hamnazo, nikainama kukunja waya. Nilipoinua kichwa, Mjomba alikuwa ananitazama. Sauti yangu anaijua vizuri, lakini hakunitaja. Polisi wakaja, wakamchukua.

Sijalala tangu siku hiyo. Bwenini kuna utani: "Timu nzima imeshindwa kufunga, kafunga Mjomba." Jana bwaloni nilicheka pamoja nao, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikatapika. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mtu mwingine, na hilo nalionea aibu.

Leo nilipoingia hapa nimemkuta kwenye benchi la korido, hana mkanda wala viatu. Nilitaka kumwomba radhi. Yeye ndiye aliyeanza: "Eti mpwa wangu, tulifunga?"

Nikasema, "Hapana, Mjomba."

Akatikisa kichwa. "Basi watoto wa watu wameumia bure."

Hayo ndiyo niliyoyaona, na moja nililolitenda. Hakufunga kwa hasira. Aliambiwa afunge, na aliyemwambia ni mimi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimeandika maneno ya shahidi kama alivyoyatamka, nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi. Alikataa kiti mara tatu. Alipokuwa akitoka nilimwambia afunge mlango. Alishika kitasa, akasimama hapo, kisha akaondoka na kuuacha wazi. Nimeufunga mwenyewe.