Ami, Wamejenga Juu ya Mteja Wako

Ami yangu,

Nakuandikia kwa hasira, kama ulivyonizoea. Huzuni ninayo, lakini leo hasira ndiyo iliyonishika mkono. Kesho Ijumaa dada yangu Zuwena, uliyemlea pamoja nami baada ya baba yetu kufa, anahamia nyumba mpya. Kaalika ukoo mzima, na wajukuu wako wote watakuwepo. Na nyumba hiyo, Ami, imo ndani ya wadi.

Ndiyo, wadi ile ile, mto mkavu unaopata maji siku za mvua tu, uliougombania barazani mpaka sauti ikakukauka.

Siku za azaa, matanga yako, walikuja wote waliokupinga. Wakanywa kahawa yetu, wakala tende zetu, wakasema, "Marehemu alikuwa mtu wa haki." Nilitaka kuwatoa nje kwa mikono. Mjane wako hakumaliza eda, katapila likawa limeshang'oa mawe yako meupe. Mawe uliyoyapaka chokaa mwenyewe, wakili mzima na mjumbe wa baraza, kanzu yako ya dishdasha imejaa vumbi, wazee wakikuonyesha maji yalifika wapi enzi zao. Nyuma ya mawe haya, ulisema, hapajengwi. "Nna mteja hazungumzi," ukawaambia barazani, "lakini akija, haji peke yake." Wakacheka. Wakakuita Wakili wa Kokoto.

Lakini ulikuwa umezoea kuchekwa. Ulipofika Maskati kutoka Unguja na Kiarabu chako cha kuchechemea, walikucheka hata mahakamani. Ukajifungia kusoma. Kulikuwa na vile vitabu vyako vya mawakili wa Marekani ya kale, waliozunguka kwa farasi mahakama hadi mahakama, kisha wakaingia mabaraza ya majimbo yao kugombania madaraja na mipaka ya mashamba. Nilikudhihaki: hao walihubiri uhuru huku wakimiliki watu! Hukukasirika. "Na babu zetu je?" ukanijibu. "Watukane wote, mwanangu. Ukimaliza, njoo tufanye kazi."

Sijamaliza kutukana, Ami.

Nimempigia Zuwena asubuhi. Akacheka. "Kaka, wewe hata nyumba yangu unaifanya makala! Sisi watu wa Unguja, mvua tunaijua. Hebu tazama mbingu, nyeupe pe!"

Mbingu nyeupe. Hilo ndilo kosa letu, sisi tuliotoka kisiwani. Kule mvua unaiona inakuja, unaanua nguo, unakinga ndoo. Hapa inanyesha mlimani usikokuona, nawe umekaa juani unamenya chungwa. Wewe ulijifunza mwaka wako wa kwanza, mlipokwenda kula wadini na rafiki yako akashuka kuosha gari, asipande tena. Hukuwahi kunisimulia zaidi ya hapo. Ila mara moja tu ulisema, "Kwanza ndege walinyamaza. Kisha kokoto zikaanza kusema." Ukainuka, ukatoka chumbani.

Leo alasiri nimepanda darini. Upande wa bahari kweupe, watu wa mtaa wa Azaiba wanatembea ufukweni na watoto wao. Nikageuka. Juu ya milima limesimama wingu jeusi. Jana lilikuwa pale pale, na halisogei. Tangazo limetoka: kesho mvua kubwa milimani, watu wajiepushe na mabonde. Nikamtumia Zuwena. Kanirudishia picha ya mapazia.

Mapazia, Ami! Ya rangi ya dhahabu, na nyuma yake dirishani naona ukingo wa wadi, umekatwa wima kama mkate.

Nimeandika juu ya wadi ile mpaka wahariri wakanichoka. Watu walinisoma. Wakanisifu kwa lugha. Kisha wakaenda kununua viwanja. Aliyekalia kiti chako barazani alinishika bega harusini akaniambia, "Sheikh, kalamu yako ina moto," huku akitabasamu kama mtu anayemsifu mtoto kwa kuchora ng'ombe. Namchukia. Lakini kumchukia hakutamtoa hata mtoto mmoja katika nyumba ile.

Basi, khalas. Nakuaga, Ami. Mola akutilie nuru hapo ulipo, na akuhesabie kila jiwe. Ahadi yangu ni hii. Kesho nitafika kwa Zuwena mapema, kabla watu hawajatoka msikitini. Sitahutubia. Nitaingia jikoni na wanangu, tulinyanyue sufuria la biriani kama lilivyo, la moto, tulipakie kwenye pikapu, tupande nalo kwangu kilimani. Zuwena atanilaani mbele ya wageni. Mumewe hatanisemesha tena. Potelea mbali. Watu wetu unawajua: kwa hoja hawaondoki, hata ukiwaletea mashahidi.

Biriani wataifuata.